Boksi la Pili: Umeme wa Priampu ya Valvu Ukae Mbali na Valvu

Kichwa cha sindano cha mashine ya santuri, cha aina ya MM (yenye sumaku inayotikisika), hutoa milivolti 5 hivi. Priampu, yaani kikuzaji kinachotangulia amplifaya, inazikuza kama mara 100, na kwa sababu ya mkunjo wa RIAA, yaani kanuni ya kurudisha sauti za chini zilizopunguzwa wakati wa kuchonga santuri, sauti za chini zinakuzwa zaidi ya hapo: Hz 50 inapata karibu mara 7 ya kile inachopata Hz 1,000. Na Hz 50 ndiyo sauti ya umeme wa ukutani, Tanzania na Kenya vilevile. Kwa hiyo umeme wowote unaopenya hadi kwenye gridi (mlango wa kuingilia ishara) ya valvu ya kwanza unakuta saketi imeshajiandaa kuukuza kuliko karibu kitu kingine chochote.

Transfoma iliyofungwa boksi moja na valvu hiyo inaingiza mvumo bila kugusa waya. Uga wake wa sumaku unapita hewani, na bati la alumini haliuzuii. Unaweza kubadilisha kapasita zote ukaweka kubwa mara tano, mvumo ukabaki palepale, kwa kuwa haupitii kwenye kapasita hizo. Dawa yake ni umbali: transfoma ikae kwenye boksi lake, boksi la pili, na umeme uje kwa kebo. Uga wa transfoma ndogo hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu yake inashuka mara 8. Kutoka sentimita 10 hadi sentimita 80, hesabu ya karatasi inasema mara 512. Ndiyo maana kebo ya mita 1 inatosha, na ya mita 3 ni kupoteza shaba.

Wazo lenyewe ni la zamani. Quad 22, priampu ya Uingereza ya mwaka 1959, haikuwa na transfoma ndani kabisa. Ilivuta umeme wake kwa kebo kutoka kwenye amplifaya za Quad II.

Lakini boksi la pili linatibu ugonjwa mmoja tu, huo wa Hz 50 inayoruka hewani. Mvumo wa Hz 100 unatoka kwenye diodi na kapasita za kuchuja, nao unasafiri ndani ya waya. Ukiupa kebo ya mita kumi, utatembea mita kumi. Mvumo wa tatu unatokana na njia za kurudia mkondo, yaani waya hasi na ethi, na huo boksi la pili linaweza hata kuuongeza kama kebo imepangwa vibaya. Anayejenga boksi la pili bila kutenganisha mambo haya matatu hujikuta na maboksi mawili na mvumo uleule.

Mzigo kwanza

Tuchukue priampu ya kawaida ya stereo: valvu za ECC83 mbili kwa ajili ya santuri (kila valvu ina nusu mbili ndani), na ECC82 moja ya kutolea sauti, iliyofungwa kwa mtindo wa kufuata kathodi, yaani sauti inatolewa kwenye kathodi badala ya anodi. Kila nusu ya ECC83 yenye rezista ya anodi ya kilo-omu 100 inavuta karibu mA 1. Nusu nne ni mA 4. Nusu mbili za ECC82 kwa mA 4 kila moja ni mA 8. Jumla mA 12. Rezista za kumwaga chaji na za kupandisha hita, ambazo tutazifikia, zinaongeza chini kidogo ya mA 3. Panga kwa mA 15, volti 235 hivi; hii ndiyo nitakayoiita volteji kubwa.

Hita za valvu hizi, yaani nyuzi zinazopasha kathodi moto, zina nusu mbili. Zikiungwa sambamba zinataka volti 6.3 na mA 300; zikiungwa mfululizo, volti 12.6 na mA 150. Chagua 12.6: pini ya 4 na ya 5, pini ya 9 iachwe bila kitu. Valvu tatu ni mA 450. Mkondo mdogo ni rafiki wa kebo. Angalizo moja kwa anayetaka kubadilisha ECC82 kwa ECC88: hita ya ECC88 ni volti 6.3 tu na pini yake ya 9 ina kazi nyingine. Ukiiwashia 12.6 inaungua.

Transfoma mbili zilizopeana migongo

Transfoma yenye waya wa volti 200 na kitu ni nadra madukani, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Fundi wa kusuka mota anaweza kukusukia, na kama ni mtu makini kazi yake inadumu, lakini lazima umweleze kwamba tabaka la kuhami kati ya msingi (waya wa kuingilia umeme) na upili (waya wa kutokea) si la kubana matumizi. Njia ninayoipendelea ni nyepesi zaidi: transfoma mbili za kawaida za 230 kwa 15, ya pili ikiwa imegeuzwa.

Ya kwanza, T1, iwe ya VA 30, yaani volti 15 kwa ampea 2. Volti 15 zake zinafanya kazi mbili: zinalisha hita kupitia diodi, na zinalisha upande wa volti 15 wa T2. T2 ya VA 15 hadi 20 inatosha. Upande wake wa 230, ambao sasa umekuwa mlango wa kutokea, utakupa kama volti 200, wala si 230. Usidhani umeuziwa mbovu. Watengenezaji huongeza mizunguko upande wa upili ili 15 ipatikane chini ya mzigo kamili. Transfoma ya 15 isiyo na mzigo hutoa 17 na zaidi. Ukiigeuza, ziada hiyo inakugeuka. Volti 200 zikipita kwenye diodi na kapasita ya kwanza zinakuwa DC ya karibu 270 chini ya mzigo, na 300 valvu zikiwa bado baridi. Umeme wa ukutani ukipanda hadi 253, tarajia 330. Kwa hiyo kapasita zote za upande huu ziwe za volti 450. Za 400 zinapita kwenye hesabu, lakini tofauti ya bei haistahili kubahatishwa.

Usijaribu kuongeza volti kwa kulisha T2 ya volti 12 kwa 15. Chuma chake kinashiba sumaku, inapata moto, inanguruma, na inatawanya uga mara kadhaa ya kawaida, yaani kitu kilekile ulichokuwa unakikimbia.

Fyuzi ya msingi wa T1 ni mA 315 ya aina ya polepole, na ndani ya plagi ya ukutani weka fyuzi ya ampea 3, si ile ya 13 iliyokuja nayo. Baada ya fyuzi ya msingi weka varista ya volti 275 kati ya fezi na nyutro. Umeme uliokatika ukirudi, mara nyingi hurudi na kishindo. Varista inakufa kwa niaba ya transfoma. Kama umetumia transfoma ya duara, hakikisha bolti ya katikati haigusi mfuniko wa chuma kwa juu. Chini imegusa chasisi, juu ikagusa mfuniko: huo ni mzunguko mmoja wa waya uliofungwa shoti, na fyuzi itakatika kila unapowasha bila wewe kuona kosa popote kwenye saketi.

Hita, na umeme wa saa mbili usiku

Hapa ndipo miradi mingi inapovuma, na inavuma jioni tu. Mchana iko kimya. Ikifika saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha, volti zimeshuka hadi 200, na sauti nyembamba ya Hz 100 inaanza. Mwenye nayo anabadilisha valvu. Valvu haina kosa.

Tufanye hesabu. Volti 15 za AC zina kilele cha 21.2. Diodi nne za kawaida zinakula 1.8, zimebaki 19.4. Kapasita ya µF 4,700 ikitoa mA 450 inashuka karibu volti 1 kati ya kilele na kilele, kwa hiyo bonde la wimbi liko kwenye 18.4. Regyuleta ya LM317, kifaa kinachoshikilia volti zisibadilike, inayotoa 12.8 inahitaji kama volti 2.5 juu ya hizo ili ifanye kazi, yaani 15.3. Hapo una nafasi ya volti 3. Umeme ukiwa 200, kilele ni 18.4, na bonde ni 15.6: bado imepona, kwa upana wa unywele. Kwenye 190 bonde limefika 14.7, regyuleta inashindwa kuziba, na kila bonde linapita hadi kwenye hita kama kiwimbi cha Hz 100.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa transfoma ya volti 12, ambayo wengi huichagua kwa sababu hita ni za 12. Kwenye 230 kamili, bonde lake ni 14.2. Inavuma tangu siku ya kwanza. Na ya volti 18? Inapona hata kwenye umeme dhaifu sana, ila regyuleta inachoma wati 4.7 badala ya 2.8 za ile ya 15, ndani ya boksi ambalo likiwa Dar es Salaam limeanza siku kwenye nyuzi 30 na ushee. Mimi nabaki na 15, na nabadilisha diodi: nne za Schottky, 1N5822, zinakula chini ya volti 1 badala ya 1.8. Volti moja hapo ndani ni sawa na kuongezewa volti 10 ukutani. Hakuna sehemu nyingine ya mradi huu ambapo fedha kidogo hivyo inanunua utulivu mkubwa hivyo.

LM317 inapangwa kwa rezista mbili: omu 120 kutoka mguu wa kutolea kwenda mguu wa kurekebishia, na kilo-omu 1.1 kutoka mguu wa kurekebishia kwenda hasi. Inatoa 12.76, na kebo na plagi vitakula kidogo kabla ya kufika kwenye valvu. Weka rezista zisizobadilika. Rezista ya kuzungusha inaonekana ya kistaarabu, lakini siku kidole chake cha ndani kikipoteza mguso kwa vumbi au chumvi ya pwani, mguu wa kurekebishia unabaki hewani na volti zote 19 zinaenda kwenye hita. Ongeza µF 10 sambamba na ile ya kilo-omu 1.1, na diodi ya 1N4002 kutoka mguu wa kurekebishia (anodi) kwenda mguu wa kutolea (kathodi). Kapasita hiyo inapandisha uwezo wa regyuleta wa kuzuia kiwimbi kutoka dB 65 hadi 80. Bati la kupozea liwe la nyuzi 8 kwa wati au bora zaidi.

Hasi ya hita isiende ardhini moja kwa moja. Kathodi ya ECC82 inayofuata kathodi inakaa volti 100 na zaidi juu ya ardhi, na kati ya hita na kathodi valvu inavumilia 180 tu. Tena, hita ikiwa chini ya kathodi za valvu za kwanza, chembe za umeme huruka kutoka hita kwenda kathodi na kuleta kelele. Kwa hiyo ipandishe: rezista ya kilo-omu 220 kutoka kwenye volteji kubwa, ya kilo-omu 47 kwenda hasi, na µF 22 ya volti 100 juu ya hiyo ya 47. Kiungo chao kinakaa kama volti 41, na hapo ndipo unaunga hasi ya hita. Tokea hapo kumbuka kwamba bati la mgongo wa LM317, ambalo ni mguu wake wa kutolea, liko volti 54 juu ya chasisi. Mika na kikombe cha plastiki cha skrubu ni lazima.

Volteji kubwa

Diodi nne za UF4007, kapasita ya kwanza µF 47. Kwa mA 15, kiwimbi chake ni volti 3.2 kutoka bonde hadi kilele. Rezista ya kilo-omu 1, kapasita ya pili µF 47: kwenye Hz 100 kapasita hiyo ni omu 34 tu, kiwimbi kinagawanywa kwa 29, kinabaki volti 0.11. Rezista ya kilo-omu 1.5, kapasita ya tatu µF 100: kinagawanywa kwa 94, kinabaki kama milivolti 1.2. Volti zilizoliwa njiani ni 15 na 22, umebaki na 233. Hapo boksi la pili limemaliza kazi yake.

Kazi iliyobaki inafanyika ndani ya boksi la valvu. Kila chaneli ya santuri ipewe rezista yake ya kilo-omu 10 na kapasita yake ya µF 22. Kwa mA 2 inakula volti 20, na kiwimbi kinashuka hadi mikrovolti 8 hivi. Valvu ya kwanza ikiwa inakuza mara 50, ishara ya milivolti 5 inakuwa robo ya volti kwenye anodi. Kiwimbi kiko dB 90 chini yake. Usiihamishie kapasita hii kwenye boksi la mbali kwa kutafuta nafasi. Mkondo wa muziki unaotoka kwenye anodi unarudi kwenye kathodi kupitia kapasita ya mwisho, na ikiwa kapasita hiyo iko upande wa pili wa kebo, basi muziki wote unasafiri mita mbili kwenda na kurudi, ukipitia kwenye plagi.

Rezista za kilo-omu 1 na 1.5 ziwe za waya, wati 5. Mahesabu yanasema ya kilo-omu 1 inachoma robo ya wati, na ndiyo sababu wengine huweka ndogo. Lakini mara tu unapowasha, kapasita zikiwa tupu, rezista hiyo inabeba karibu volti 300 peke yake: wati 90, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ya kaboni inavumilia mara kadhaa, kisha inapasuka. Anayeweza kupata choki (koili yenye chuma ndani) ya henri 10 kwa mA 50 aiweke badala ya rezista ya kwanza. Inagawanya kiwimbi kwa 185 na haili volti nyingi. Ila choki nayo ni sumaku. Makao yake ni boksi hilihili la mbali.

Wapo wanaotumia mosfeti (transista ya nguvu) kama IRF840 kuzidisha nguvu ya kapasita, na kwa mzigo mkubwa ninawaelewa. Kwa mA 15 sioni haja. Shoti moja ya probu ya mita inaiua, na bati la mgongo wake ni mguu unaobeba volteji yote ya juu. Mtu anayegusa bati la kupozea kuangalia kama limepata moto anagusa volti 270.

Jambo la mwisho hapa linahusu mpangilio wa waya, na ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kapasita ya kwanza inachajiwa kwa mapigo makali mafupi, mara 100 kwa sekunde. Mapigo hayo yazunguke njia fupi: T2, diodi, kapasita ya kwanza, basi. Hasi ya diodi ifike kwenye mguu wa kapasita ya kwanza, na kutoka mguu huo waya mwingine uende kwenye kapasita ya pili, kisha ya tatu, kisha kwenye plagi. Ukiunga hasi ya plagi kwenye hasi ya diodi kwa kuwa ziko karibu, umeyaingiza mapigo hayo kwenye ardhi ya priampu, na kuchuja kote ulikofanya kumepotea bure.

Kebo na plagi

Kebo hii inabeba volti zinazoua, kwa hiyo plagi yake isifanane na ya kitu kingine chochote nyumbani: isiwe ya maikrofoni, isiwe ya birika. Chaguo langu ni soketi ya rilei (swichi inayovutwa na koili) ya pini 8, ile ya duara inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme wa viwandani. Umbo lake ni lilelile la soketi ya valvu ya pini 8. Dume lake unalipata kwa kufungua rilei iliyoungua: toa koili na vidole, bakiza kitako chenye pini, lehemu kebo ndani, kisha funika.

Jike likae kwenye boksi la umeme, dume liwe mwisho wa kebo. Mwisho wa pili wa kebo usiwe na plagi. Upitishe kwenye glandi na ulehemu moja kwa moja ndani ya priampu. Plagi moja pungufu ni hatari moja pungufu, na pwani ni mguso mmoja pungufu wa kuota kutu.

Kebo yenyewe ni fleksi ya kore tano, mm² 0.75, ya daraja la volti 300/500. Pini ya 1 ibebe volteji kubwa, na jirani zake, 2 na 8, ziachwe tupu. Pini ya 3 ni hasi yake, ya 4 ni ethi, ya 5 na ya 6 ni chanya na hasi ya hita. Pini ya 7 ina kazi nzuri: ndani ya dume iunge na ya 6 kwa kipande cha waya. Ndani ya boksi la umeme weka rilei ndogo ya volti 12, koili yake ikianzia kwenye chanya ya hita na kuishia pini ya 7, diodi ya 1N4007 ikiwa imegeuzwa juu ya koili. Vidole vya rilei vikate ule umeme wa volti 15 unaokwenda T2. Kebo ikiwa nje, koili haina njia ya kurudia, T2 haipati kitu, na soketi haiwezi kuwa na volti mpya ndani yake. Uzuri wa kupeana migongo unaonekana hapa: rilei inakata volti 15, si 200, kwa hiyo ya bei ndogo inatosha. Swichi ndogo mfululizo na koili inakupa pia nafasi ya kuacha hita zipate moto kwa nusu dakika kabla ya volteji kubwa. Kama ECC82 yako imeungwa moja kwa moja na anodi ya valvu iliyotangulia, usiruke hatua hiyo: valvu zikiwa baridi, gridi yake inapanda hadi volteji yote ilhali kathodi iko sifuri.

Hasi ya hita na hasi ya volteji kubwa zisishirikiane kore moja, hata kama zote "ni hasi". Kore ya mita 1 na mguso wa plagi ni kama omu 0.05. Ampea 0.45 zikipita hapo zinazalisha milivolti 22, mara nne ya ishara nzima ya kichwa cha sindano, kwenye waya ambao priampu inauita sifuri.

Ethi ya ukutani iguse chasisi ya boksi la umeme, na kupitia pini ya 4 iguse chasisi ya priampu. Hasi ya volteji kubwa isiguse chasisi ndani ya boksi la umeme. Iguse mahali pamoja tu, ndani ya priampu, karibu na soketi za kuingilia santuri.

Mwisho, kumwaga chaji. Rezista mbili za kilo-omu 100, wati 1, mfululizo, juu ya kapasita ya tatu. Mbili mfululizo, kwa sababu rezista ndogo ina kikomo chake cha volti hata kama wati hazijafika. Ndani ya priampu weka nyingine mbili za kilo-omu 220, kabla ya zile za kilo-omu 10, kwa kuwa kebo ikichomolewa kila boksi linabaki na chaji yake. Hata hivyo subiri dakika 2, kisha pima. Rezista nazo hukatika.

Kuwasha mara ya kwanza

Usianze na valvu. Unga mzigo wa bandia: kilo-omu 15, wati 10, kwenye volteji kubwa, na omu 27, wati 10, kwenye hita. Zinavuta karibu kilekile ambacho priampu itavuta. Mfululizo na fezi weka balbu ya uzi ya wati 40. Ya LED haisaidii. Ukiwasha, balbu inatoa mwanga, kisha inafifia ndani ya sekunde moja au mbili hadi wekundu hafifu. Ikibaki inang'aa, zima: kuna diodi iliyogeuzwa, au kapasita iliyofungwa kinyume. Ikififia, zima, itoe, washa moja kwa moja, na upime hita kwanza, kisha volteji kubwa. Mkono mmoja mfukoni, probu ya hasi ikiwa imebanwa kwa klipu.

Iache saa nzima na mfuniko ukiwa umefungwa, kwa kuwa joto la boksi lililo wazi halikuambii kitu. Kapasita ziwe za nyuzi 105, si 85. Kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza maisha yake karibu maradufu.

Kupima kiwimbi, weka mita kwenye milivolti za AC, lakini pitisha probu kwenye kapasita ya µF 0.1 ya volti 630. Mita nyingi za bei nafuu haziizuii DC kwenye upande wa AC. Zitakuonyesha volti 500 ambazo hazipo, au sifuri ambayo si ya kweli.

Valvu zikiwa ndani na mvumo ukisikika, ziba mlango wa santuri kwa plagi iliyofungwa shoti, kisha sogeza boksi la umeme kwa mkono, likiwa limewashwa, karibu na mbali. Sauti ikibadilika, ni uga: ongeza umbali au ligeuze nyuzi 90. Isipobadilika, fungua programu ya simu inayochora masafa ya sauti. Hz 100 inakurudisha kwenye kapasita, regyuleta au ile hasi ya diodi. Hz 50 isiyojali umbali ni ya ardhi. Kuthibitisha, zima boksi la umeme huku ukisikiliza: kathodi zina moto wa sekunde kadhaa na kapasita zina chaji, priampu inaendelea kupiga kwa muda mfupi. Mvumo ukikatika papo hapo, chanzo kiko ndani ya maboksi yako mawili. Ukiendelea hadi muziki wenyewe ufifie, unaletwa na kebo za sauti kutoka kwenye mashine ya santuri au amplifaya, na hapo anza na waya wa ethi wa mashine ya santuri, ule mwembamba unaofungwa kwa skrubu nyuma ya priampu.